Muvi za Muziki za Zamani Sebuleni: Diski Gani Nzuri, Gani ya Kuachana Nayo (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Naongelea zile muvi za kuimba na kucheza za zamani, hasa za Hollywood kuanzia miaka ya 30 mpaka ya 60, kina Fred Astaire, Judy Garland, Gene Kelly, Julie Andrews na wenzao, jinsi zinavyoonekana na kusikika ukiziangalia nyumbani kwa DVD, Blu-ray au 4K. Kama muvi yenyewe ni tamu au chungu hiyo kila mtu na ladha yake, hapa tunapima diski. Na msimamo wangu niuseme mapema ili tusigombane huko mbele: diski nzuri ni ile inayokupa muvi kama ilivyotoka, na punje zake, na mono yake (sauti ya njia moja), na vikasoro vyake. Ile inayong'aa kuliko zote dukani mara nyingi ndo imechezewa zaidi.

Kwani muvi za muziki zina nini cha pekee? Diski si diski tu?

Hapana bana. Muvi ya polisi na majambazi hata picha ikiwa mbovu utaelewa nani kampiga nani. Muvi ya muziki ukiharibu picha umeharibu ngoma, ukiharibu sauti umeharibu wimbo, sasa kimebaki nini? Hadithi zake nyingi ni nyepesi, kijana kampenda binti, wamekosana, wameimba, wamepatana, na watu hawakulipa kiingilio kwa ajili ya hiyo hadithi. Halafu hizi ndo muvi ambazo studio zilimwaga hela, zilipigwa kwa Technicolor, mfumo wa rangi wa enzi hizo, wakati muvi nyingi bado ni nyeusi na nyeupe, na baadaye zikapigwa kwa filamu pana ya milimita 65 wakati wengine wanabanana kwenye 35. Kwenye negativu, yaani ile filamu yenyewe iliyokuwa ndani ya kamera, kuna vitu vingi mno vya kuona, kwa hiyo diski mbovu inakunyima vingi zaidi.

Nikishaweka diski kwenye deki niangalie nini kwanza?

Miguu. Sitanii. Fred Astaire alikuwa anataka kamera imwonyeshe mwili mzima, kichwa mpaka viatu, na ngoma isikatwekatwe hovyo. Kwa hiyo weka Top Hat ya 1935 au Swing Time ya 1936, nenda kwenye ngoma yoyote akiwa na Ginger Rogers, uangalie viatu. Vikiwa vimeliwa na ukingo wa chini ujue kuna mtu kapunguza picha ili ijaze TV yako. Vikiwepo, shuka kwenye sakafu, maana kwenye muvi hizo sakafu ilikuwa inang'arishwa mpaka inawaakisi wachezaji, na diski nzuri utaliona gauni likipita mara mbili, moja juu moja chini, wakati diski mbaya sakafu ni doa tu jeusi au kijivu cha ukungu. Halafu ile suti nyeusi ya Astaire, je unaona kola ya koti imetengana na koti lenyewe, au ni bonge moja jeusi lenye kichwa juu? Vitu vitatu, viatu, sakafu, suti, na ndani ya dakika moja umeshajua diski yako iko daraja gani hata kabla hujaangalia uso wa mtu.

Mbona muvi ina mistari myeusi pembeni? TV yangu ni kubwa, nimeibiwa?

Hujaibiwa. Kabla ya 1953 karibu muvi zote za Hollywood zilikuwa na umbo la karibu mraba, upana mara 1.37 ya kimo, na flati yako ni pana kuliko hapo, kwa hiyo lazima pembeni pabaki weusi. The Wizard of Oz, Meet Me in St. Louis, Singin' in the Rain, zote ni hivyo. Ukiona mojawapo imejaa skrini nzima kuna mawili, ama imekatwa juu na chini, ama imevutwa watu wakawa wafupi wanene. Cheki kwanza rimoti, saa zingine TV yenyewe ndo inavuta.

Na mistari ya juu na chini je?

Hiyo ni kinyume chake, muvi pana. CinemaScope iliingia 1953 kushindana na televisheni, na mwanzoni upana ulifika mara 2.55 ya kimo. Angalia Seven Brides for Seven Brothers ya 1954, kwenye ile ngoma ya kujenga ghala wachezaji wametandazwa kutoka pembe hadi pembe, kila mtu na shati lake la rangi, sasa enzi za VHS walikuwa wanakata pembeni wanabakiza katikati, unasikia kishindo cha viatu vya mtu ambaye humuoni. Hiyo muvi ina kituko chake pia, ilipigwa mara mbili, mara moja CinemaScope na mara nyingine umbo la kawaida kwa ajili ya majumba ya sinema ambayo hayakuwa na lenzi mpya, yaani wamecheza upya kila kitu. Ukipata toleo lenye zote mbili shika, inaburudisha kuzilinganisha.

Picha ina chengachenga, nirudishe diski?

Hili ndo swali linaloharibu diski duniani, acha nilijibu taratibu.

Sisi tumekulia kwenye antena, chenga zikionekana unapanda juu ya bati kuzungusha, kwa hiyo akilini chenga ni ubovu. Lakini filamu sio mawimbi ya hewani. Filamu imetengenezwa kwa punje, picha yenyewe NI hizo punje, zinacheza kidogo kila fremu na ndani yake ndo kuna nyuzi za kitambaa na vinyweleo na poda ya usoni. Wateja wakalalamika, kampuni zikaanza kupitisha kompyuta kufuta punje, na kompyuta haijui ipi ni punje na ipi ni ngozi, inafuta vyote. Matokeo yake unaona Gene Kelly ana uso wa mshumaa. Dalili zake: ngozi laini kama plastiki, nywele zimegandamana, na mtu akisogea uso unasafiri bila kubadilika kama kinyago. Wakishafuta wanaona picha imelegea, wanaongeza ukali wa kingo, ndo unapata ule mstari mweupe unaomzunguka mtu hasa akisimama mbele ya anga.

Mfano unaojulikana ni katuni, Cinderella ya Disney ya 1950, muvi ya muziki hiyo pia. Blu-ray yake ya 2012 ilisafishwa mpaka mistari ya kalamu ya wachoraji ikapotea sehemu nyingi, nguo zimebaki na rangi bila michoro ndani. Ikaja kurekebishwa upya kwa 4K mwaka 2023 na mistari ikarudi. Zaidi ya miaka kumi watu wameangalia katuni iliyofutwa wakisifia usafi wake.

Kwa hiyo punje ndogo zinazocheza sawasawa skrini nzima, acha hapo hapo, usirudishe. Vibokisi vya mraba vinavyotokea kwenye ukuta au kwenye moshi, hivyo sio punje, hivyo ni diski imebanwa mno, rudisha.

Nitajuaje kama rangi ni zenyewe? Mimi sikuwepo 1939.

Hata mimi. Ila ukielewa Technicolor ilivyofanya kazi utajua cha kutafuta. Kamera yake ilikuwa kubwa kama kabati, ndani ina kioo cha kugawa mwanga, na kilichokuwa kinapigwa ni filamu tatu nyeusi na nyeupe kwa pamoja, moja inabeba nyekundu, moja kijani, moja bluu. Rangi zilikuja baadaye kwenye kuchapa kopi, zikigongwa moja juu ya nyingine kwa wino. Faida yake kubwa ni kwamba filamu nyeusi na nyeupe haipauki, kwa hiyo negativu zikitunzwa vizuri rangi ya 1939 bado ipo pale. Hasara yake, filamu tatu zikisinyaa kila moja kwa kiasi chake hazilingani tena, unaona ukingo mwekundu upande mmoja wa mtu na wa kijani upande wa pili. Miaka ya mwanzo ya 2000 Warner wakatengeneza mfumo wa kompyuta wa kuzipanga zile tatu zikae sawa, ndo maana DVD za Singin' in the Rain na The Wizard of Oz za kipindi kile ziliruka ghafla ubora kuliko za kabla.

Sasa weka The Wizard of Oz, ndo hiyo ya 1939. Mwanzo wake Kansas unatakiwa uwe wa rangi ya udongo, ule ukahawia wa picha za zamani. Kopi nyingi za miaka ya nyuma zilionyesha nyeusi na nyeupe tupu, ukahawia wenyewe ulirudishwa kwenye video ya 1989. Halafu Dorothy anafungua mlango. Pale hakuna ujanja wa kompyuta, chumba kilipakwa rangi ya kahawia kweli na kupigwa kwa filamu ya rangi, kwa hiyo kwenye diski nzuri hutaona mruko wowote kati ya chumba na bustani ya nje. Endelea mbele uangalie viatu vyekundu, vile vidude vya kumetameta uvione kimoja kimoja, na uso wa Ray Bolger, yule wa majani, uone mistari ya gunia shavuni. 4K ya 2019 ilitokana na negativu yenyewe iliyosomwa kwa 8K, na hapo unaona mpaka vitu ambavyo watengenezaji hawakutaka uvione, kama waya unaovuta mkia wa Simba mwoga. Kuna watu wanataka waya ufutwe. Mimi nasema uachwe, ulikuwepo.

South Pacific yangu inageuka njano watu wakianza kuimba. Diski mbovu?

Diski ni nzima, muvi ndo iko hivyo. Mwaka 1958 mwongozaji Joshua Logan aliamua kuweka vichujio vya rangi kwenye nyimbo, hisia zikipanda skrini inageuka dhahabu au zambarau, na kwa kuwa vilipigwa moja kwa moja kwenye negativu hakuna wa kuvitoa. Mwenyewe alikuja kujuta. Ukipata diski ambayo hiyo njano imepunguzwa sana, basi hapo ndo uwe na wasiwasi.

Na zile muvi zinazoonekana za pinki pinki?

Hizo ni Eastmancolor. Kuanzia miaka ya 50 ilikuja filamu moja yenye rangi zote ndani, rahisi, kamera ndogo, Technicolor ya filamu tatu ikafa katikati ya miaka hiyo. Tatizo rangi zake zilipauka, bluu na kijani vinatangulia kuondoka inabaki pinki. Kwa hiyo ajabu ni kwamba muvi ya 1944 inaweza kuwa na rangi kali kuliko ya 1964. Wenye akili walijikinga, Jacques Demy kule Ufaransa alipopiga The Umbrellas of Cherbourg, ile ambayo wanaimba kila neno mpaka fundi gari, walihifadhi rangi zake kwenye filamu tatu nyeusi na nyeupe, na miaka ya 90 mkewe, Agnès Varda, akasimamia ukarabati kutoka hapo. Karatasi za ukutani za mle ndani, pinki na kijani na machungwa, ndo kipimo chako. Zikiwa zimefifia una kopi ya zamani.

Nimesikia negativu ya Singin' in the Rain iliungua. Sasa hiyo 4K imetoka wapi?

Iliungua kweli, 1978, kwenye hifadhi ya filamu ya George Eastman House mjini Rochester, New York, moto ulikula negativu nyingi za nitrati, ile filamu ya zamani inayowaka upesi, na hiyo ikiwemo. Nitrati ikishika moto haizimiki. Kilichobaki ni nakala zilizochapwa kutoka kwenye negativu kabla, na 4K ya 2022 imetokana na hizo. Je inafikia The Wizard of Oz kwa ukali? Haifikii, na isikusumbue, punje ni nzito kidogo na kuna ulaini fulani ambao hakuna wa kuuondoa bila kudanganya. Lakini ile mvua, matone dhidi ya taa za mtaani, na koti la Gene Kelly lililolowa mpaka limebadilika rangi, vyote vimo.

Jambo linaloendana na hilo: utaona picha inashuka ubora ghafla sekunde chache kisha inarudi, hasa pale tukio moja linapoyeyuka kuingia jingine. Zamani kuyeyusha kulifanyika kwenye mashine kwa kunakili filamu juu ya filamu, kwa hiyo kipande hicho ni kopi ya kopi. Sio kosa la diski.

Kwa hiyo ninunue 4K tu, nisihangaike na mengine?

Taratibu. Jiulize kwanza diski imetokana na nini, ndo uulize ni ya aina gani. My Fair Lady ni somo zuri hapa. Ya 1964, imepigwa kwa filamu ya milimita 65, gauni za Cecil Beaton, negativu ikaachwa ikaoza mpaka Robert Harris na James Katz walipoikarabati 1994. Blu-ray ya 2011 ikatoka na picha ya kizamani isiyoendana na muvi hiyo, watu wakalalamika, na 2015 ikatoka Blu-ray nyingine kutokana na ukarabati mpya ambao Harris mwenyewe alihusika. Zote mbili zimeandikwa Blu-ray, zote zina mistari 1080, kava zinafanana kwa mbali. Ukikaa kwenye ile ya mbio za farasi Ascot, wanawake wote weusi na weupe na kijivu, ya 2011 ni kundi la watu tu, ya 2015 unahesabu manyoya ya kofia. 4K ikaja 2021 na imeongeza, ila mruko mkubwa ulikuwa kati ya zile mbili zenye jina moja. Ndo maana nasema angalia mwaka wa toleo nyuma ya kava kabla ya kuangalia alama ya mbele.

Na kama TV yako ni inchi 32 umekaa mita tatu, aisee hiyo 4K hutaiona, chukua Blu-ray nzuri hela inayobaki ununulie spika.

Sound of Music yangu kava inasema dakika 174, ya rafiki yangu 167. Yake imekatwa?

Pengine haijakatwa hata sekunde, imeharakishwa. Muvi hupigwa fremu 24 kwa sekunde, na mfumo wa TV wa PAL, tuliotumia sisi Tanzania na Kenya na sehemu kubwa ya Ulaya, unaenda 25. Watengenezaji wa DVD za PAL waliona njia rahisi ni kuikimbiza tu kidogo, asilimia 4. Piga hesabu, 174 mara 24 gawa kwa 25, unapata 167.

Kwenye muvi ya vita nani atajali. Ila kwenye muvi ya muziki kila mwimbaji anapanda karibu nusu toni, na kila mchezaji anacheza haraka kuliko alivyocheza. Julie Andrews tayari yuko juu, ukimpandisha tena anakuwa mwingine. Mtu mwenye sikio au aliyezoea santuri ya muvi hiyo atagundua kwenye mstari wa kwanza, na ukitaka uhakika washa kinanda upige noti sambamba na wimbo. DVD za NTSC za Marekani hazina hili ingawa mwendo wake una kigugumizi kidogo kamera ikizunguka. Blu-ray na 4K zinacheza fremu 24 zenyewe, na kwangu hii peke yake inatosha mtu kuachana na DVD za PAL kwa muvi za muziki.

Nina sabufa kali, mbona muvi ya zamani inatoa sauti katikati tu?

Kwa sababu ni mono, na ilirekodiwa mono. Diski nyingi zinakuwekea sauti mbili, moja ya spika sita iliyotengenezwa juzi na nyingine mono asilia. Chagua mono ujisikilizie. MGM walikuwa na tabia ya kurekodi orkesta kwa maikrofoni kadhaa kila moja na filamu yake, kwa hiyo baadhi ya nyimbo zao zinaweza kutandazwa kihalali kulia na kushoto, lakini mazungumzo yako vilevile mono, unapata muvi inayopanuka watu wakiimba na kusinyaa wakiongea. Wengine wanapenda. Ubaya ni pale mtu anapoongeza mwangwi wa kanisa ili ionekane ni stirio.

Muvi za Todd-AO (mfumo wa filamu pana) na wenzake ni habari nyingine, The Sound of Music, Oklahoma!, hizo zilitoka sinema zikiwa na sauti ya njia sita tangu siku ya kwanza, hapo sabufa yako iachie ifanye kazi, ila bezi usiipandishe ya bongo fleva, orkesta inageuka ngurumo.

Mtu akianza kuimba sauti inabadilika kabisa, kama sio yeye.

Mara nyingi sio yeye! Marni Nixon aliimba kwa niaba ya Deborah Kerr kwenye The King and I, Natalie Wood kwenye West Side Story, na Audrey Hepburn kwenye sehemu kubwa ya My Fair Lady. Na hata akiwa mwenyewe, nyimbo zilirekodiwa kwanza studio kisha siku ya kupiga picha wanafuatisha midomo, kwa hiyo ghafla mtu aliyeko shambani anasikika yuko ndani ya chumba. Diski isilaumiwe. Rex Harrison ndo alikataa mambo hayo, My Fair Lady aliimba palepale kwa maikrofoni isiyo na waya iliyofichwa kwenye tai, na msikilize, maneno yake na pumzi vinaungana tofauti na wengine wote.

Kinachostahili lawama ni midomo kuchelewa muvi nzima. Hapo cheki TV na spika zako kwanza, seti nyingi zina setingi ya kuchelewesha sauti kidogo.

Kuna sehemu ya A Star Is Born zinakuja picha za mnato tu huku watu wanaongea. Imekwama?

Haijakwama. Toleo la 1954 la Judy Garland studio iliikata baada ya kuzinduliwa, na vipande vikapotea. Mwaka 1983 Ronald Haver akairudisha, sauti ilipatikana lakini picha za baadhi ya matukio hazikuonekana tena, wakajaza kwa picha za mnato. Vilevile ukikuta skrini haina mtu na muziki unapigwa dakika kadhaa mwanzoni au katikati, hiyo ni ya kukaribisha watu vitini, usipeleke mbele. Kwenye West Side Story kuna michoro ya mistari rangi zikibadilika nyuma yake mpaka inageuka kuwa Manhattan, na Blu-ray ya 2011 iliharibu hapohapo, skrini ikafifia kuwa nyeusi pasipotakiwa, ikabidi zitolewe diski za kubadilisha. Ukinunua iliyotumika chungulia hapo.

Zile diski za muvi ishirini kwa moja je?

DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Gawa kwa 20. Kila muvi MB 235, na The Sound of Music ina karibu saa tatu. Sina la kuongeza.

Ila hata za kihalali za bei chee ziangalie, Royal Wedding ya 1951, ile Astaire anacheza ukutani mpaka darini, haki zake Marekani hazikuongezewa muda kwa hiyo kila mwenye mashine alichapa, nyingi kutoka kopi zilizochoka ambazo uso wa Astaire ni yai.

Diski ya kuagiza Marekani itacheza kwenye deki yangu?

Diski hufungiwa kwa eneo la dunia, ndo rijoni. DVD: Marekani ni rijoni 1, Tanzania na Kenya ni 5, ndugu zetu wa Oman na Ghuba wako 2 pamoja na Ulaya. Deki nyingi za mtaani zinasoma zote, za kampuni kubwa mara nyingi hazisomi. Blu-ray: Marekani A, sisi na Ulaya na Ghuba B. 4K haina rijoni, inacheza popote, ila Blu-ray inayokuja ndani ya kasha hilohilo inaweza kuwa na yake.

TV yangu inafanya muvi ionekane kama tamthilia ya mchana.

Zima setingi ya kulainisha mwendo, kila kampuni imeipa jina lake lakini ipo kwenye menyu ya picha. TV inabuni fremu ambazo hazikupigwa na kuzichomeka katikati, na mguu wa mchezaji unaacha mkia. Zima pia ukali wa picha, shusha mpaka karibu sifuri, chagua hali ya sinema. Muvi moja tu itakuchanganya, Oklahoma! ya 1955 kwa toleo la Todd-AO ilipigwa kweli fremu 30 kwa sekunde, ile ni laini kwa asili yake. Waliipiga mara mbili pia, kamera nyingine ya CinemaScope fremu 24.

Na muvi za Kihindi? Nyumbani Unguja tulikulia kwenye hizo.

Vipimo ni vilevile na vilio ni vikubwa zaidi, kwa sababu DVD nyingi zilitolewa na nembo ya kampuni imegandishwa pembeni ya skrini muvi nzima, na nyimbo saa zingine zimepunguzwa, fikiria muvi ya Kihindi iliyokatwa nyimbo. Mughal-e-Azam ndo ya kuwa nayo makini. Ya 1960 ilikuwa nyeusi na nyeupe isipokuwa baadhi ya sehemu, ukiwemo ule wimbo wa Madhubala kwenye ukumbi wa vioo, na mwaka 2004 ikapakwa rangi nzima kwa kompyuta. Mimi natafuta ile ya mwanzo. Rangi ilipangwa ikupige usoni pale kwenye vioo baada ya kukaa muda mrefu kwenye kijivu, ukishapaka kila kitu ule wimbo unakuwa wimbo kama zingine.

Kustrimu hakutoshi?

Kwa kuonja inatosha, kama bando linaruhusu. Lakini hujui umepewa toleo gani, leo ukarabati mpya kesho wa zamani, na matukio ya kasi yenye rangi nyingi, yaani ngoma kubwa zote, ndo yanavunjika vibokisi kwanza. Blu-ray inaruhusiwa megabiti 40 kwa sekunde kwa picha peke yake, strimu nyingi haziko karibu na hapo.

Nina VHS za mzee, nizitupe?

Usitupe kwa haraka, saa zingine kuna trela au mahojiano ambayo hayajahamia kwenye diski. Zihamishe kwenye kompyuta kisha amua. Ila zifungue kifuniko uangalie kwanza, mikoa ya pwani na unyevu wake kanda zinaota unga mweupe. Yenye ukungu usiiweke kwenye deki hata kwa kujaribu, ule unga unaganda kwenye kichwa cha kusomea na kila kanda utakayoweka baada ya hapo itaonja.